Ajira ya Watafiti Katika Viwanda Vyetu vya Ulinzi

Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Kata ya Chanzuru, Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro.



Mliponiachia hiari ya kuchagua jambo la kuzungumza, nadhani wengi wenu mlitarajia nizungumzie bei ya mazao au mipaka ya mashamba, mambo ambayo katika wilaya hii hayaishi kuzungumzwa. Mimi nimechagua jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka litaonekana liko mbali nanyi, yaani ajira ya watafiti katika viwanda vya taifa vinavyotengeneza risasi na zana za ulinzi. Nitajaribu kuonyesha kwamba haliko mbali hata kidogo. Mkoa huu wa Morogoro ndio wenye Shirika la Mzinga, na vijana watakaofanya kazi huko miaka kumi ijayo sasa hivi wamekaa katika madawati yenu.

Niseme mapema kwamba sitazungumzia siri za ulinzi. Sizijui, na hata ningezijua, hapa si mahali pake. Nitasema yale yaliyo wazi katika sheria, katika historia yetu na katika mambo yaliyowapata wenzetu duniani.

MKONGE ULISHINDWA WAPI?

Ndugu zangu, tuanze na jambo mnalolijua kuliko mimi. Wilaya ya Kilosa ni wilaya ya mkonge. Wazee wenu wanakumbuka wakati ambapo mashamba ya hapa yalivuta vibarua kutoka pande zote za nchi. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikiwa ya kwanza duniani. Katika miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000.

Sababu za kushuka huko ni nyingi, na uendeshaji wetu wenyewe una sehemu yake. Lakini sababu moja kubwa haikutoka shambani. Katika miaka ya 1960 viwanda vya nchi tajiri vilianza kutengeneza kamba za nyuzi za kemikali, bei ya mkonge ikaanguka, na kibarua wa Kilosa akapoteza kazi kwa sababu ya mtu aliyevaa koti jeupe ndani ya maabara ya mbali. Sisi tulikuwa na ardhi, jua, jasho na mashine za kuchakata. Watafiti wa kutosha wa kuugeuza mkonge kuwa kitu kingine hatukuwa nao. Tulikuwa tunauza singa, na aliyejua matumizi ya singa alikuwa mwingine.

Sasa tazameni upande wa pili, hapa hapa jirani. Mnacho Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Ilonga. Kwa miaka mingi Mpango wa Taifa wa Utafiti wa Mahindi ulikuwa na makao yake pale. Watafiti wetu, wakishirikiana na vituo vya kimataifa, walishughulikia mbegu kama TMV-1 na Staha, ambazo zinastahimili ugonjwa wa milia unaoyadhoofisha mahindi ya nchi za joto. Mbegu ya namna hiyo haipatikani kwa msimu mmoja. Inataka mtu mmoja akae na mimea ile ile mwaka hadi mwaka, aandike, achague, atupe, aanze tena. Mtu huyo akihamishwa au akiacha kazi katikati, daftari linabaki lakini jicho lake limeondoka.

Hayo mawili, mkonge na mahindi, ndiyo kipimo nitakachokitumia katika mazungumzo haya. Swali langu ni hili: je, viwanda vyetu vya ulinzi vimefuata njia ya mkonge au njia ya Ilonga?

MTAFITI WA KIWANDA NI NANI?

Watu wengi wakisikia neno mtafiti wa silaha wanamfikiria mtu anayebuni bomu jipya. Huo ni upotofu. Katika kiwanda cha risasi kazi kubwa ya mtafiti ni ya kawaida zaidi na ngumu zaidi. Risasi moja ina sehemu nne: ganda, kiwashio, baruti na kichwa. Ganda hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao lazima uwe laini kiasi cha kuvutwa katika kalibu bila kupasuka, na mgumu kiasi cha kustahimili mlipuko. Baruti ya kisasa ni kemikali inayozeeka. Ikikaa mahali pa joto huoza polepole, na ndani yake huwekwa dawa ya kuzuia uozo huo. Dawa hiyo nayo hupungua mwaka hadi mwaka, na ikiisha, baruti inaweza kuwaka yenyewe bila kuguswa.

Ndiyo maana pasipo mkemia wa kuchukua sampuli, kuzipima na kuweka kumbukumbu, ghala la risasi ni hatari kwa wenyewe kabla halijawa hatari kwa adui. Tunayakumbuka maafa ya Mbagala, Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto, Februari 2011, ambapo maghala ya silaha yalilipuka Dar es Salaam na katika kila tukio zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kueleza chanzo cha maafa hayo si kazi yangu. Nayataja ili tuelewe kwamba elimu ya kutunza silaha inamlinda raia aliyelala nyumbani kwake kama vile inavyomlinda askari mpakani.

Kwa hiyo ninaposema mtafiti nina maana ya mkemia huyo, mhandisi wa metali, mhandisi wa mitambo, fundi sanifu wa vipimo, na siku hizi mtaalamu wa elektroniki na wa kompyuta. Fundi mchundo anaendesha mashine kama alivyofundishwa. Mtafiti ndiye anayejua kwa nini mashine iliwekwa hivyo, na la kufanya pale malighafi inapobadilika au kipuri kinapokosekana.

TULIKOTOKA

Historia ya ajira hii kwetu naigawa katika vipindi vinne.

Kipindi cha kwanza ni cha kujenga. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, suala la ulinzi liliwekwa mikononi mwa umma. Tukumbuke hali ya wakati ule. Wareno walikuwa bado Msumbiji, Guinea ilikuwa imevamiwa Novemba 1970, na nchini Uganda Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka Januari 1971. Nchi iliyokuwa ikisaidia wapigania uhuru isingeweza kutegemea risasi za kuagiza peke yake, kwa sababu muuzaji angeweza kufunga duka siku yoyote. Shirika la Mzinga likaundwa rasmi mwaka 1974 chini ya Sheria ya Mashirika ya Umma ya mwaka 1969, na kiwanda kikajengwa Morogoro kwa msaada wa China. Wakati huo huo, mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi, na SIDO ikaanzishwa. Kwa mara ya kwanza nchi ilikuwa na mahali pa kumsomesha mhandisi na mahali pa kumwajiri.

Lakini tuseme kweli. Kiwanda kilichokuja kizima kutoka nje kilihitaji kwanza waendeshaji. Vijana walifundishwa kuendesha mitambo, na waliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Kubuni mitambo lilikuwa jambo la baadaye.

Kipindi cha pili ni cha kujaribu kubuni. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, pamoja na bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni, vilitufundisha kwamba jeshi lisilo na vipuri vya magari halifiki mbali. Hapo ndipo Mradi wa Nyumbu, uliopo Kibaha, ulipopata uzito wake. Mwaka 1985 mradi huo uliwekwa chini ya Kituo cha Teknolojia ya Magari Tanzania. Watanzania walisanifu lori lao, wakaliunda, wakalijaribu katika barabara zetu mbovu. Katika miaka hiyo hiyo serikali iliunda taasisi nyingine za utafiti wa viwanda: TIRDO mwaka 1979, TEMDO mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kuunda Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hicho ndicho kilikuwa kilele cha matumaini. Kijana aliyemaliza uhandisi aliweza kusema, "Naenda kufanya utafiti," na wazazi wake wakamwelewa.

Lori la Nyumbu halikufika hatua ya kuzalishwa kwa wingi. Wapo wanaolicheka kwa sababu hiyo. Mimi sioni la kucheka. Watu waliolisanifu walijifunza kusubu chuma, kupima giya na kuchora mitambo, na ujuzi huo hauna kiwanda kinachouuza. Kosa letu lilikuwa jingine: hatukuwaandalia watu hao warithi.

PENGO LA MIAKA

Kipindi cha tatu ni cha kufunga milango. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na zaidi katika miaka ya 1990, tulikubali masharti ya kurekebisha uchumi. Makumi ya maelfu ya watumishi wa umma walipunguzwa na ajira mpya zikabanwa. Walimu mnakijua vizuri kipindi hicho, maana na shule zenu zilikiona. Fedha za utafiti zilikuwa za kwanza kukatwa, kwa sababu utafiti ukikatwa leo hakuna anayepiga kelele leo. Mashirika ya umma yaliambiwa yajitafutie mapato. Viwanda vya ulinzi navyo vikageukia kazi za kiraia, kama risasi za uwindaji, ujenzi na vifaa vya matumizi ya kawaida.

Kujitafutia mapato si dhambi, na ni sehemu ya kujitegemea. Hatari inakuja pale mhandisi aliyesomeshwa kwa fedha za umma ili apime metali anapogeuzwa msimamizi wa zabuni ya kujenga uzio, mwaka hadi mwaka, mpaka anasahau alichosomea. Katika orodha ya watumishi bado anaitwa mhandisi, na mshahara wake unalipwa, lakini utafiti haupo. Hiyo ndiyo ajira ya watafiti inayopungua bila mtu kufukuzwa kazi, na ndiyo ngumu kuiona katika taarifa.

Tufanye hesabu ndogo pamoja. Mtu aliyeajiriwa mwaka 1975 akiwa na miaka 25 alifikisha miaka 60 mwaka 2010, akastaafu kwa mujibu wa sheria. Ili amwachie mtu kazi mwaka 2010, mrithi wake alipaswa kuajiriwa si baada ya mwaka 1995, apate miaka 15 ya kukomaa kando yake. Lakini miaka ya 1990 ndiyo tuliyofunga milango. Kwa hiyo katika taasisi nyingi za umma mzee aliondoka na nyuma yake hakuwapo mtu wa makamo. Alikuwapo kijana wa juzi, mwenye cheti kizuri, asiyejua daftari la mzee liko kabati gani. Wakati huo huo migodi mikubwa ya dhahabu na makampuni ya simu, yaliyoanza kazi karibu mwaka 2000, yalikuwa yanamtafuta mhandisi yule yule kwa mshahara ambao serikali isingeuweza.

Kipindi cha nne ni hiki tulichomo. Nia ya kufufua imerudi. Nyumbu imeonekana tena na kazi kama gari la zimamoto, na suala la viwanda vya ulinzi linazungumzwa Bungeni katika bajeti za Wizara ya Ulinzi. Ni jambo la kupongezwa. Lakini nia ya kufufua kiwanda ikiishia katika kununua mashine mpya, tutakuwa tumerudi mwaka 1974 bila kujifunza chochote.

WENZETU WAMEPITA WAPI?

Tusidhani kwamba haya ni matatizo ya maskini peke yao. Vita Baridi vilipokwisha, viwanda vya silaha vya Marekani na Ulaya vilipunguza wahandisi wengi. Urusi na jamhuri zilizokuwa pamoja nayo zilijikuta na wanasayansi wa silaha wasiolipwa, na hofu ikawa kubwa kwamba watauza elimu yao kwa yeyote. Ndipo kwa mapatano ya mwaka 1992 kikaundwa kituo cha kimataifa huko Moscow, kilichoanza kazi mwaka 1994, ili kuwapa wanasayansi hao utafiti wa amani wa kufanya. Dunia ilikubali kulipa mishahara ya watafiti wa nchi nyingine, kwa sababu mtafiti wa silaha asiye na kazi ni hatari kwa wote.

Afrika ya Kusini ilirithi kutoka kwa serikali ya makaburu viwanda vikubwa vya silaha, ambavyo mwaka 1992 viliwekwa chini ya shirika la Denel. Watafiti wake walikuwa na sifa duniani. Kufika mwaka 2020 shirika hilo lilishindwa kulipa mishahara kamili, na wahandisi wengi wakaondoka, wengine wakaenda nchi za nje. Mashine zilibaki pale pale, lakini kilichokuwa kinazipa thamani kilipanda ndege.

India ilichukua njia ya kutenganisha. Ina viwanda vya serikali vya silaha, ambavyo vilikuwa 41, na mwaka 2021 viligawanywa katika makampuni saba. Kando ya viwanda hivyo, tangu mwaka 1958 ina chombo cha utafiti wa ulinzi chenye maabara zake na muundo wake wa kuajiri wanasayansi. Chombo hicho kimelaumiwa mara nyingi kwa kuchelewesha kazi. Hata hivyo, mwanasayansi kijana wa India anajua ataanzia wapi na atafika wapi akibaki mtafiti.

Mfano wa mwisho ni wa karibuni. Vita ya Ukraine ilipopamba moto mwaka 2022, nchi za Ulaya zilitaka mizinga ipate makombora. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipatia Ukraine makombora milioni moja katika muda wa mwaka mmoja. Ahadi hiyo haikutimia kwa wakati. Haikuwa kwa sababu Ulaya ni maskini. Kwa miaka 30 walikuwa wamepunguza viwanda vya baruti na watu wanaoijua baruti, na fedha iliyotolewa mwaka 2023 haikuweza kununua miaka ya uzoefu iliyokuwa imetupwa. Sasa kama Ulaya yenye vyuo vikuu lukuki imekwama hivyo, sisi tutasemaje?

Jirani zetu nao wameingia katika kazi hii. Kenya iliunda shirika lake la risasi huko Eldoret mwaka 1997, kwa mitambo iliyotoka Ubelgiji, na mwaka 2021 ikafungua kiwanda cha silaha ndogo Ruiru. Uganda ina kiwanda Nakasongola. Nchi tatu za jumuiya moja zina viwanda vyao, na kila kimoja kinahudumia soko dogo. Katika hali hiyo hakuna kiwanda kitakachoweza kumshughulisha mtafiti mwaka mzima kwa risasi pekee.

HOJA YA WANAOPINGA

Ndugu Mwenyekiti, wapo watakaouliza: kwa nini tuhangaike na watafiti wa silaha wakati zahanati hazina dawa na shule hazina maabara? Swali hili ni la haki. Hapa Kilosa lina uzito zaidi. Wilaya hii inakumbuka Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, ambako zaidi ya watu 30 walipoteza maisha katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mtu aliyezika ndugu kwa sababu ya ugomvi wa malisho hawezi kufurahia habari za viwanda vya silaha, na mimi sitamlaumu.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, kutokuwa na watafiti hakutufanyi tusiwe na silaha. Kunatufanya tuwe na silaha za kununua, kwa bei ya muuzaji, za umri tusioujua, katika maghala tusiyoweza kuyapima. Hata kazi ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo nchi za kanda yetu zilikubaliana katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inataka wataalamu wa kuweka alama, kutunza kumbukumbu na kuteketeza zilizozeeka. Pili, sidai tuwe na jeshi la watu wanaowaza silaha usiku na mchana. Nadai kinyume chake. Nchi ya ukubwa wetu inahitaji watafiti wa metali, wa kemikali, wa mitambo na wa elektroniki, ambao ulinzi ni sehemu tu ya kazi yao. Mkemia anayepima uozo wa baruti anaweza kupima dawa za mimea. Mhandisi anayekereza mtutu anaweza kukereza ekseli ya trekta. Tukifanya hivyo, hatutakuwa tumechagua kati ya bunduki na zahanati.

LA KUFANYA

Mapendekezo yangu ni manne, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza ni la ikama na muundo wa utumishi. Mtumishi wa umma hupanda cheo kwa kuwa mkuu wa watu. Mtafiti akitaka mshahara mzuri analazimika kuiacha maabara awe meneja, nasi tunapoteza mtafiti mzuri na kupata meneja wa wastani. Pawe na ngazi ya utafiti ambayo mtu anaipanda akiwa bado anavaa koti la maabara, mpaka afikie mshahara wa mkurugenzi bila kukalia kiti cha mkurugenzi. Vyuo vikuu vinafanya hivyo kwa wahadhiri wao. Viwanda vinaweza.

La pili ni vibali vya ajira. Kibali cha kumwajiri mrithi kitolewe kabla mzee hajastaafu, walau miaka mitano, wakae pamoja. Najua afisa utumishi ataniambia kwamba nafasi moja haiwezi kulipa watu wawili. Katika karatasi yuko sahihi. Lakini miaka mitano ya mshahara wa kijana ni ndogo kuliko gharama ya kumwita mtaalamu wa nje aje kutueleza mashine yetu wenyewe.

La tatu ni la siri. Kiwanda cha ulinzi kina haki ya kufunga milango yake. Lakini siri ikizidi hugeuka kaburi la elimu. Mtafiti asiyesoma kazi za wenzake na asiyesomwa na yeyote hudumaa, na makosa yake hayagunduliwi. Mambo ya metali, ya vipimo na ya mashine za kilimo hayana siri. Watafiti wa Mzinga na Nyumbu wawe na njia ya kushirikiana mara kwa mara na vyuo vikuu, pamoja na TIRDO, TEMDO na CAMARTEC, na hata na Ilonga, ambako wakulima wanasubiri zana.

La nne ni la fedha. Tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 nchi za Afrika zimekubaliana kutenga walau asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, na Umoja wa Afrika ukarudia jambo hilo mwaka 2006. Sisi bado hatujafika hapo. Chama kinachoongoza serikali kina wajibu wa kuulizana katika vikao vyake: ahadi hii tunaitimiza lini? Nasema hivi katika gazeti la Chama na mbele ya wanachama, kwa sababu kukosoana ndani ya nyumba ni desturi yetu ya zamani.

NA NINYI WALIMU

Nimalizie na ninyi, Ndugu walimu. Ajira ya mtafiti haianzii kwenye tangazo la gazeti. Inaanzia katika kidato cha pili, pale mtoto anapoamua kwamba fizikia si yake. Mtoto aliyefundishwa kemia kwa kukariri, bila kuona kitu kikibadilika rangi mbele ya macho yake, ataweza kufaulu mtihani, lakini hatatamani kujua. Najua hamna vifaa vya kutosha, wala sikuja kuwahubiria watu wanaofundisha darasa la wanafunzi 80. Lakini mnacho kitu ambacho shule nyingi za nchi hii hazina. Mna kituo cha utafiti jirani, mna Chuo cha Ualimu Ilonga, mna mashamba ya mkonge yenye mashine za kuchakata, na mna reli mpya inayopita wilayani mwenu kwa kutoboa milima. Wapelekeni watoto wakaone mtu anayelipwa kwa kazi ya kuuliza "kwa nini". Wengi wao hawajui kwamba kazi hiyo ipo.

Na ninyi watumishi wa ofisi, ambao kalamu zenu ndizo zinazopendekeza ikama na kasma, nawaomba jambo moja. Mtakapofika mstari ulioandikwa "utafiti", msiukate kwa kuwa ni mwepesi kukatika. Mkulima wa mkonge wa Kilosa alikatwa na mstari uliokuwa haupo kabisa katika bajeti yetu, wakati ulikuwapo katika bajeti ya nchi nyingine.

Niliuliza kama viwanda vyetu vya ulinzi vimefuata njia ya mkonge au ya Ilonga. Jibu langu ni kwamba vilianza njia ya Ilonga katika miaka ya 1980, vikarudishwa njia ya mkonge katika miaka ya 1990, na sasa viko njia panda. Wenzetu waliotutangulia walijenga wakati ambapo nchi ilikuwa na wahandisi wachache mno. Sisi tunao mamia wanaohitimu kila mwaka, na wengi wao wanatafuta kazi yoyote. Itakuwa aibu kubwa kwa kizazi chetu ikiwa wale wachache waliweza kusanifu lori, na sisi wengi tukashindwa hata kuwaajiri warithi wao.

Sasa niko tayari kwa maswali, na zaidi kwa wale wasiokubaliana nami.